Sikio la Mwalimu

Ukishuka kwenye treni ya reli ya kati pale Itigi ukauliza njia ya Hospitali ya Mtakatifu Gaspar, hutakosa wa kukusindikiza. Hospitali hiyo ya Wamisionari wa Damu Azizi ya Yesu ndiyo inayoutambulisha mji kwa watu wa mbali, na hapo hapo wauguzi hufundishwa. Jioni moja nilikaa benchi moja na mwanafunzi wa uuguzi aliyekuwa ameinamia simu yake. Alikuwa anatazama video ya mkunga wa ng'ambo akionyesha namna ya kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni. Mara ya kwanza aliitazama kwa sauti. Mara ya pili akaizima sauti. Mara ya tatu aliilaza simu mapajani, mikono yake ikawa inapapasa hewani, ikitafuta mgongo wa mtoto kwenye tumbo ambalo halikuwepo. Bando lilipokata, mikono iliendelea.

Nilimwonea wivu. Mimi nilisoma chuo ambacho kitabu kilikuwa kimoja, na mwalimu ndiye aliyekishika. Aliingia, akasoma, tukaandika mpaka vidole vikafa ganzi. Aliyekosa kipindi alihangaika kutafuta desa, na desa lililonakiliwa mara tano lilikuwa limeshakusanya makosa ya watu watano. Kwa kizazi cha binti yule, kazi hiyo ya mwalimu kuwa mdomo wa kitabu imekwisha. Noti zinatua kwenye kundi la WhatsApp kabla kipindi hakijaanza. Basi mwalimu akishapokonywa kazi ya kusema, amebakiwa na kazi gani? Nimelitafuta jibu katika mapokeo mengine ya elimu, maana sisi hatujawahi kuwa na moja tu.

Neno chuo lenyewe lina historia. Katika Kiswahili cha kale, chuo kilikuwa kitabu. Utendi wa Tambuka, ambao mswada wake una tarehe ya mwaka 1728, hujulikana pia kama Chuo cha Herekali, yaani kitabu cha Herekali. Baadaye neno likahama kutoka kwenye kurasa likaingia kwenye nyumba ambamo kurasa husomwa. Leo mwanafunzi anatembea na maktaba nzima mfukoni, na chuo kimerudi kuwa kitu cha kubeba.

Lakini watu wa pwani waliokiita kitabu chuo hawakuona kwamba kukibeba kunatosha. Madrasani mtoto aliandikiwa ubaoni kwa wino wa masizi, akasoma mbele ya mwalimu, na ubao haukuoshwa ili aandikiwe somo jingine mpaka mwalimu aridhike. Saa nyingi za mwalimu huyo zilikwenda katika kusikiliza. Kwa wakubwa walioketi kwenye darsa za Unguja, au za Msikiti wa Riyadha kule Lamu, utaratibu ulikuwa huo huo kwa kina zaidi: mtu alikisoma kitabu mbele ya sheikh wake, akikosea anarudishwa, na mwisho akapewa ijaza, ruhusa ya kukifundisha, pamoja na mnyororo wa majina ya waliosikilizana kabla yake. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, katika kitabu chake Baadhi ya Wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika, huwatambulisha wanazuoni kwa walimu waliowasomesha na wanafunzi waliosoma kwao. Ukitaka kujua uzito wa elimu ya mtu, unauliza: nani amekusikia?

Miaka ya 1970 Tanzania bara ilifuata njia nyingine kabisa. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilitumia redio kuwafundisha watu wazima kuhusu malaria, kichocho, kuhara damu na kifua kikuu. Walishiriki watu takriban milioni 2. Redio ni chombo kinachosema tu. Hakiwezi kujua kama msikilizaji ameelewa au amesinzia. Waliopanga kampeni walilijua hilo, ndiyo maana hawakumwachia mtu redio peke yake. Waliunda vikundi vya kusikiliza, kila kimoja na kijitabu chake na kiongozi aliyepewa mafunzo. Kipindi kikiisha, redio inazimwa na watu wanaanza kuulizana: na sisi hapa kijijini, maji yetu yakoje, choo chetu kiko wapi? Kisha wanashika majembe. Vyoo vilichimbwa kwa wingi kote nchini kwa sababu ya mazungumzo yale yaliyofuata matangazo.

Kampeni ile hunigusa kuliko mifano yote, kwa sababu ilifanywa na nchi maskini kwa chombo duni, na bado ilipatia jambo ambalo vyombo vya leo hutusahaulisha. Binti wa pale benchini ana kifaa kinachoishinda redio ile kwa kila kipimo. Alichokosa jioni ile ni kikundi.

Redio ilizaa pia tawi jingine lililotufikia kwa njia ndefu. Australia, ambako baadhi ya familia huishi mbali mno na shule, mwaka 1951 Shule ya Hewani ilianza Alice Springs, watoto wakisoma kwa redio za mawimbi mafupi zenye uwezo wa kupokea na kurusha sauti. Mtoto mmoja aliyekulia jangwani na kusoma kwa njia hiyo, Martin Dougiamas, ndiye aliyekuja kutengeneza Moodle, programu ya kufundishia iliyotolewa rasmi mwaka 2002. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huitumia, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 ili kumfikia mtu aliko, nacho huitumia. Programu hiyo ina majukwaa ya mjadala, ina nafasi ya mwalimu kumjibu mwanafunzi mmoja mmoja; mtengenezaji wake alijua maana ya kusubiri zamu yako uitikie. Sisi mara nyingi tunaigeuza kabati. Tunapandisha noti, tunafunga mlango, tunasema tumefundisha kidijiti. Mtoto wa jangwani alikuwa na kitufe cha kusemea, na upande wa pili kulikuwa na mtu.

Kuhusu akili unde nitasema machache. Inaandika kazi ya nyumbani kwa Kiingereza safi ambacho mwanafunzi hakukitunga, na mwalimu anayepima kwa karatasi peke yake atatoa alama kwa mtu asiyemjua. Sheikh wa Riyadha asingepata shida hiyo. Angesema, haya, soma nikusikie.

Ninachokiogopa kwa dhati ni hesabu za fedha. Simu imemwokolea mwalimu saa zile za kusomesha noti, na kuna watakaoziona saa hizo kuwa akiba: walimu wapunguzwe, wanafunzi waongezwe, video itazamwe na wote. Saa hizo ni mali ya mwanafunzi. Zihamishiwe wodini, maabara, na kwenye kundi la watu sita wanaosahihishana mbele ya mwalimu aliyenyamaza. Hata warina asali wa misitu ya upande huu wa nchi hawamwachii kijana mzinga kwa sababu ameusikia ukisimuliwa; anaanza kwa kubeba kienge cha moshi, na mkubwa yuko chini ya mti ule ule.

Siku iliyofuata jioni ile ya benchini, binti alinisimulia zamu yake. Alishika pembe ile ya kusikilizia ambayo Mfaransa Adolphe Pinard aliibuni mwaka 1895, kitu kidogo kama faneli, kisicho na betri wala waya. Aliupapasa mgongo wa mtoto kama video ilivyomwonyesha, akaupata, akaweka pembe, akatega sikio. Akasikia mapigo.

"Ya nani?" mkunga akamuuliza.

Hakuelewa. Mkunga akauchukua mkono wake wa kushoto, akaviweka vidole vyake viwili kwenye kifundo cha mkono wa mjamzito. Mapigo ya vidoleni na mapigo ya sikioni yalikuwa yanakwenda pamoja. Alikuwa anausikiliza mshipa wa mama. Akasogeza pembe kidogo kuelekea begani mwa mtoto, akatega tena, na safari hii sikio likaviacha vidole nyuma, mbio mbio. Akahesabu dakika nzima, maana mapigo ya kawaida ni kati ya 110 na 160.

"Nesi, yupo?" mama akauliza.

"Yupo, mama. Mia moja arobaini na mbili."

Mkunga hakuchukua kalamu. Aliinama, akaweka sikio lake mwenyewe pale pale kwenye pembe, macho kwenye saa ya ukutani, na kwa dakika nzima hakuna aliyesema neno. Ndipo akakivuta kitabu cha mazoezi cha mwanafunzi na kusaini.