Aliyetangulia na Amfuataye

Mwezi wa Novemba 1861, Wazungu wawili, Speke na Grant, walifika kwa Rumanika, Omukama wa Karagwe. Januari 1862 Speke alishika njia ya Buganda. Grant, mwenye kidonda cha mguu, akabaki. Aprili naye akaondoka, akichukuliwa kwa machela, na Mei akamkuta mwenzake kwa Kabaka Mutesa. Alimkuta kwa kuwa yule alikuwa ametua. Kama wangalikwenda sawasawa siku zote, asingalimpata kamwe.

Lakini wako wazidishao mwendo njiani. Mwaka 1638 Galileo wa Italia alionyesha kitabuni ya kuwa aongezaye mwendo sawasawa tangu kusimama, umbali wake hukua kwa kadiri ya wakati mara wakati. Tuseme hapa Ihembe gari lapita kwa mita 10 kila sekunde. Papo hapo pikipiki yaondoka, mwendo wake ukizidi mita 2 kila sekunde. Sekunde ya 5 mwendo wao ni sawa. Je, imelifikia? Sivyo: gari limekwenda mita 50, pikipiki 25 tu. Sekunde ya 10 ndipo wakutanapo, mita 100 mbele.

Basi tusidhani mwendo sawa ndio mahali pamoja. Aliyechelewa yampasa kwanza azidi.