Visa vya Manabii na Watoto wa Pemba

Mtoto wa Pemba wa zamani zile ambazo karafuu ilikuwa ndiyo roho ya kisiwa, awe amezaliwa Konde au Kengeja, Wete au Mkoani, aliwajua Nabii Yusufu na Nabii Yunusi kabla hajalijua jina la Sultani aliyemtawala. Kwani majina hayo aliyasikia kwa bibi yake usiku, kwa maalim wake chuoni asubuhi, na kwa wavuvi wa kwao ambao, pindi kusi ilipowakamata katika Mkondo wa Pemba na tanga likapasuka, hawakuwa na la kushika isipokuwa dua ile aliyoiomba Nabii Yunusi akiwa tumboni mwa samaki. Kwa hiyo mtu atakaye kuandika tarikhi ya namna watoto wa kisiwa hiki walivyofundishwa ujasiri na kumtegemea Mungu kwa njia ya visa vya manabii hawezi kuanzia siku ile wamisionari wa Kizungu waliposhuka na Biblia zao, ijapokuwa wao nao wana fungu lao katika habari hii, na fungu hilo nitalieleza kwa uadilifu.

Al-Masudi, mwanachuoni na msafiri wa Baghdad, aliifikia Kanbalu mwaka 916, na wataalamu wengi wanaona ya kuwa Kanbalu hiyo ndiyo Pemba. Akakuta huko jamaa ya Waislamu wakikaa pamoja na wenyeji ambao bado hawakuwa wa dini hiyo. Basi tunazungumza juu ya kisiwa ambacho kwa zaidi ya miaka 1,000 kimekuwa na watu wanaowataja Ibrahimu, Musa, Daudi na Sulemani kuwa ni mitume wao, wale wale ambao Mkristo huwasoma katika vitabu vya Agano la Kale. Mtoto alipelekwa chuoni akali mdogo, akakalishwa juu ya jamvi na ubao wake, akaanza na herufi, kisha akaingia katika Juzuu Amma, ambamo hukutana mapema na habari ya watu wa tembo waliokwenda kuibomoa Kaaba, na habari ya waumini waliochomwa katika handaki la moto wakakataa kuikana imani yao. Lakini chuo, kwa kadiri ya ada yake ya zamani, kilimpa mtoto lafudhi kabla ya maana: aliihifadhi sura yote kwa Kiarabu, akaisoma kwa sauti iliyompendeza baba yake, na asijue ni nani aliyetiwa katika moto huo wala kwa kosa gani. Maana ilimjia kwa Kiswahili, na ilimjia mahali pengine.

Mahali hapo, kwa Pemba, aghalabu palikuwa kwenye karafuu. Katika msimu wa kuchuma, watu wakirudi kutoka mashambani jioni na makanda na mapakacha yao, kazi haikuwa imekwisha, kwa kuwa karafuu huletwa na vikonyo vyake na haina budi kuchambuliwa usiku ule ule ili asubuhi ianikwe kwenye majamvi. Na uchambuaji ni kazi ya mikono inayoyaacha masikio na ndimi bila shughuli. Nyumba nzima, wakubwa kwa wadogo, walikaa kuizunguka chungu ya karafuu mbichi, na usingizi wa watoto ukazuiwa kwa hadithi. Hapa ilikuwapo tofauti moja ambayo watoto waliijua bila ya kuambiwa: hadithi ya sungura na fisi ilifunguliwa kwa "Paukwa" na kuitikiwa "Pakawa", lakini kisa cha Nabii hakikufunguliwa hivyo asilani, kwa sababu mwito ule ni mlango wa mambo ya kubuni, na habari za Mitume si za kubuni. Msimulizi alianza kwa kumtaja Mungu na kumsalia Mtume, na watoto, kwa kulisikia hilo tu, wakajiweka sawa.

Alisimulia nini? Alisimulia jinsi mama yake Musa alivyomtia mwanawe katika sanduku akamwachia maji, jambo ambalo mama wa kisiwani, ajuaye maji ni kitu gani, hakulisikiliza kwa wepesi. Alisimulia Ibrahimu aliyetupwa motoni, moto ukaamrishwa kuwa baridi na salama. Alisimulia Daudi, kijana mdogo, alivyomuua Jaluti. Na kabla ya hapo jinsi Taluti alivyowajaribu askari wake kwa mto, asiyekunywa ndiye wake na aliyekunywa si wake, isipokuwa atekaye kwa kitanga cha mkono. Atakayefungua Biblia ataukuta mtihani unaofanana sana na huo, lakini kwa Gideoni na watu wake 300, si kwa Sauli, ambaye ndiye Taluti. Na mimi sioni kwamba tofauti ya namna hii ilimpunguzia mtoto ye yote faida, maana fundisho ni lile lile, kuwa wingi wa watu si nguvu.

Ila kisa ambacho kwa rai yangu kilikaa Pemba kama kilichozaliwa Pemba ni cha Nabii Hidhri. Magharibi ya Chake Chake kiko kisiwa kidogo cha Misali, na wazee wa kisiwani wanapokeza ya kuwa Nabii Hidhri alifika huko akawaomba wavuvi msala wa kusalia. Walipokosa kumpa, akasema kisiwa chenyewe ndicho kitakachokuwa msala wake, kwa kuwa kimeelekea Kibla. Mtoto aliyekwisha kuonyeshwa Misali kwa kidole, na pengine aliyekwisha kulala dago huko na baba yake, alipoelezwa safari ya Musa na mja huyo mwenye ilimu, hakuwa akisikia habari za nchi ya mbali. Na kisa chenyewe ni cha chombo: wamepanda chombo cha maskini wanaojitafutia riziki baharini, na yule aliyechukuliwa kwa ihsani anakitoboa. Musa anaghadhibika, na ni lipi litakalomzuia mwana wa mvuvi asighadhibike pamoja naye, ilhali anajua thamani ya ubao mmoja wa ngalawa ya baba yake? Kisha hujulikana baadaye kuwa mbele yao alikuwako mfalme akiteka kila chombo kizima kwa nguvu, na kile kibovu ndicho kilichosalimika. Sijui darsa ya tawakali iliyo na makali kuliko hii. Haimwambii mtoto kwamba Mungu atamwepushia madhara, bali yamkini madhara yenyewe ndiyo njia aliyoepushwa kwayo, na kuwa hata Nabii wa daraja ya Musa hakuweza kulivumilia hilo.

Wala isidhaniwe kuwa tawakali hii ilikuwa ni kukaa kitako na kungojea. Mtoto aliyeisikia usiku ndiye aliyepandishwa asubuhi juu ya mkarafuu, mti mrefu wenye matawi yanayokatika bila ya kutoa taarifa, na kila msimu una watu wake wanaoanguka. Alikwea kwa Bismillahi, na alikwea kweli. Ujasiri wake haukuwa kutoogopa, ulikuwa ni kuogopa na kupanda.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wasimulizi wengi wa tarikhi ya Pemba hulipita kwa haraka. Tufani ya Aprili 1872 iliiangamiza mikarafuu ya Unguja, na Pemba, ambayo ilisalimika kwa sehemu kubwa, ikageuka kuwa shina la biashara ya karafuu. Mashamba yakapanuka, na kazi ya mashamba hayo ilikuwa ya watumwa walioletwa kutoka bara. Katika kisiwa hicho hicho, miaka hiyo hiyo, kilisomwa kisa cha Yusufu: kijana aliyetupwa kisimani na ndugu zake, akaokotwa na msafara, akauzwa kwa dirhamu chache, akawa mtumwa katika nyumba ya mkubwa wa Misri. Kisa hicho kilisimuliwa katika nyumba zilizokuwa na vijana walionunuliwa, na baadhi yao walikuwa wamekaa palepale wakichambua karafuu. Mwana wa tajiri alijifunza humo subira, na wema wa kusamehe ndugu. Mwana wa mtumwa aliyekisikia kisa hicho hicho alikuwa na haki ya kujifunza jambo la pili, ambalo msimulizi hakulikusudia, kuwa Mungu humwona aliyeuzwa, na kwamba aliyeuzwa anaweza kuketi katika kiti ambacho waliomuuza watakuja kukisujudia. Msimulizi hana mamlaka juu ya sikio la msikilizaji, na hii ndiyo hatari ya visa hivi na ndiyo heshima yake.

Wamisionari walikuwa na wanafunzi wa namna hii tangu mwanzo. Askofu Tozer wa misheni ya Kianglikana ya UMCA alipofika Unguja mwaka 1864, wanafunzi wake wa kwanza walikuwa watoto watano waliotekwa katika jahazi la watumwa, aliopewa na Sultani Seyyid Majid mwenyewe. Mwenzake, Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu baada yake, alijifunza Kiswahili cha Unguja kwa wenyeji, akakusanya hekaya zao akazichapisha mwaka 1870, na miongoni mwa sehemu za Biblia alizotangulia kuzifasiri ni vitabu vya Rutu na Yona, ambaye ndiye Nabii Yunusi. Alichagua vizuri, kwani hadithi ya mtu amkimbiaye Mungu kwa jahazi haikuhitaji maelezo pwani hii. Biblia nzima kwa Kiswahili cha Unguja ilitoka mwaka 1891. Na inafaa ikumbukwe kuwa kabla yao wote, mmisionari Krapf alipoanza kukifasiri kitabu cha Mwanzo huko Mombasa mwaka 1844, aliyemsaidia alikuwa Sheikh Ali bin Mueddin, aliyepata kuwa kadhi. Hivyo habari za Adamu na Nuhu zilivuka kuingia katika Kiswahili cha Kikristo kwa ulimi wa mwanachuoni wa Kiislamu.

Pemba yenyewe ilipata misheni baada ya amri ya Aprili 1897, ambayo kwayo Sultani Seyyid Hamoud bin Mohammed aliiondolea utumwa nguvu ya sheria. Marafiki, madhehebu ambayo Waingereza huyaita Quakers, walifungua shamba na skuli Banani, karibu na Chake Chake, chini ya Theodore Burtt, wakawapa walioachiwa huru kazi ya ujira. UMCA nayo ikajiweka upande wa Wete. Marafiki ni watu wa ajabu kidogo katika Ukristo: hawana mapadri, hawabatizi kwa maji, huabudu kwa kukaa kimya, na hawabebi silaha. Kwa watu wa imani hiyo shujaa si Daudi mwenye teo tu; ni Danieli katika tundu la simba, na ni vijana watatu, Shadraka, Meshaki na Abednego, waliomjibu mfalme kuwa Mungu wao aweza kuwaokoa na tanuri, na hata asipowaokoa hawataisujudia sanamu yake. Yeyote aliyekwisha kumsikia Ibrahimu na moto wake chuoni aliutambua moto huo wa pili mara moja.

Hata hivyo misheni hizo hazikupata wafuasi wengi, na sababu si ngumu kuiona. Kwanza, hazikuleta visa vipya. Kiti kilikuwa kimekwisha kukaliwa. Pili, aliyetoka utumwani alitaka kuhesabiwa mtu miongoni mwa watu, na katika Pemba utu huo ulipatikana msikitini, katika maulidi na katika kuozana, si katika shamba la Wazungu lililo peke yake. Tatu, mkono wa dini na mkono wa dola ulionekana kuwa mmoja, maana serikali ilimfanya Padri Farler, aliyekuwa mkubwa wa UMCA huko Magila, bara, kuwa kamishna wa mambo ya utumwa Pemba. Baada ya Mapinduzi ya 1964 skuli zote zikawa za Serikali, na Wakristo waliobaki kisiwani wakawa wachache kama walivyokuwa, wakiendelea kuwafundisha watoto wao Jumapili.

Linalonisikitisha leo ni la pande zote mbili. Madrasa zimepata madawati, vipindi na mitihani, jambo jema. Lakini kisa kimekuwa swali la kujibiwa kwa mstari mmoja. Na vitabu vya rangi wanavyopewa watoto wa Kikristo humchora Yona akitabasamu ndani ya samaki, kana kwamba alikwenda matembezi. Wasimulizi wa zamani hawakuiondoa hofu katika kisa. Walimwacha mtoto gizani tumboni mwa samaki kwa muda wa kutosha, ndipo wakamtoa, kwa kuwa mtu asiyeonyeshwa giza hawezi kufundishwa kumtegemea anayemtoa humo.

Baraza la Kiswahili la Zanzibar limekwisha kutoa kamusi ya lahaja ya Kipemba, na kwa hilo linastahili shukrani. Lakini msamiati peke yake si visa. Wako bado wazee, wake kwa waume, wanaomjua Hidhri wa Misali na Yusufu wa kisimani kama walivyosimuliwa usiku wa kuchambua, kwa lafudhi ya Micheweni au ya Mkoani, na kila mwaka wanapungua. Basi wewe msomaji uliye na mzee wa namna hiyo, Mwislamu au Mkristo, mwendee mwaka huu, umwombe akusimulie kwa ulimi wake, na uandike kama alivyosema bila ya kumsahihisha Kiswahili chake.