Mchezo wa maharamia: wakati kompyuta ilipojifunza kuchekesha

Mwezi wa kumi mwaka wa 1990, kampuni ya Lucasfilm Games ya Marekani ilitoa mchezo wa kompyuta unaoitwa The Secret of Monkey Island. Mhusika wake ni kijana Guybrush Threepwood, anayefika kisiwani na hamu moja tu: kuwa haramia. Hana nguvu, hana sifa, na hata jina lake watu wanalicheka. Zaidi ya miaka thelathini imepita na mchezo huo bado unachezwa. Picha zake zimezeeka. Kilichoufanya udumu ni kwamba ulimchekesha mchezaji bila kumdharau.

Shujaa aliyekufa ovyo

Kabla ya hapo, michezo ya namna hii ilikuwa mikali. Mwaka wa 1984 kampuni ya Sierra ilitoa King's Quest, kazi ya Roberta Williams. Mchezaji aliandika amri kwa maneno, na akikosea neno, kompyuta haikumwelewa. Hatua moja mbaya ilitosha kumwua shujaa. Katika michezo mingi ya wakati ule, aliyesahau kuokota kitu fulani mwanzoni aliweza kuhangaika saa nyingi bila kujua kwamba njia yake ilikwisha kufungwa.

Ron Gilbert hakupenda hali hiyo. Mwaka wa 1987, yeye na Gary Winnick walitoa Maniac Mansion, ambamo vitendo kama kufungua, kusukuma na kuchukua viliandikwa chini ya picha. Mchezaji alibonyeza tu. Mwaka wa 1989 Gilbert aliandika makala ya kukosoa michezo ya aina yake mwenyewe. Alisema mchezaji asilazimishwe kufa ndipo ajifunze, na auone mlango kwanza kabla ya kupata ufunguo.

Kosa linaloleta kicheko

Gilbert, pamoja na Tim Schafer na Dave Grossman, walitumia fikra hizo katika mchezo wa maharamia. Mahali pamoja Guybrush anaanguka kutoka juu ya mwamba, na tangazo la kifo linatokea kama lile la michezo ya zamani. Mara anarushwa juu tena, mzima, kwa sababu alidondokea mti wa mpira.

Mahali pengine anatupwa baharini akiwa amefungwa kwenye sanamu nzito. Karibu naye kuna visu na vitu vingi vya kukata kamba, lakini hakuna anachofikia. Jibu? Aiokote sanamu na kutoka nayo majini. Anaweza kuzuia pumzi dakika kumi, na zikiisha anakufa kweli.

Lakini sehemu inayokumbukwa kuliko zote ni mapigano ya panga. Anayeshinda si mwenye mkono mwepesi, ni mwenye mdomo mwepesi. Adui anatoa tusi, naye mchezaji anachagua jibu linalolifaa. Asiyejua jibu anashindwa, lakini anaondoka na tusi jipya la kumjaribu haramia mwingine njiani. Mwishowe anakutana na bingwa wa panga, Carla, mwenye matusi tofauti kabisa, na majibu yale yale ya zamani lazima yapate maana mpya. Kushindwa ndiyo shule yenyewe.

Mzaha usiovuka mpaka

Mchezo wa pili, wa mwaka wa 1991, ulionyesha hatari ya kazi hii. Ili kufunga maji, mchezaji alipaswa kumtumia tumbili kama spana, kwa sababu Wamarekani wana spana inayoitwa kwa jina la tumbili. Kwa wengi wasiozungumza Kiingereza cha Marekani, hilo halikuwa na maana yoyote. Walikwama, na hawakucheka. Mzaha unaotegemea neno la watu wa mahali pamoja unawafungia wengine mlango nje.

Mwaka wa 2001 ilianza programu ya bure, ScummVM, inayowezesha michezo hii ya zamani kuchezwa kwenye mashine mpya, hata simu. Mwaka wa 2022 Gilbert na Grossman walirudi na Return to Monkey Island, na safari hii waliweka ndani yake kitabu cha vidokezo, ili anayekwama asiachwe njiani.