Unene wa kupindukia kwa watoto wa shule, England
Tangu mwaka wa masomo 2005/06, wanafunzi wa shule za msingi za serikali nchini England hupimwa urefu na uzito mara mbili: wanapoanza shule (miaka 4–5) na wanapokaribia kumaliza (miaka 10–11). Kwa muda mrefu unene wa kupindukia miongoni mwa wadogo ulikaa karibu na asilimia 10, huku ule wa wakubwa ukipanda polepole hadi asilimia 21 mwaka 2019/20. Ndipo janga la UVIKO-19 lilipofunga shule na viwanja vya michezo: mwaka 2020/21 viwango viliruka hadi asilimia 14.4 kwa wadogo na 25.5 kwa wakubwa. Mwaka uliofuata wadogo walishuka hadi 10.1, lakini wakubwa walibaki na 23.4.

Linaloumiza zaidi ni pengo la kipato. Katika maeneo maskini kabisa, unene huu ni zaidi ya maradufu ya ule wa maeneo yenye nafuu, na pengo hilo limepanuka. Miongoni mwa hatua za kukabiliana na unene huu, kodi ya vinywaji baridi vyenye sukari, iliyoanza Aprili 2018, iliwasukuma watengenezaji wengi kupunguza sukari.