Kikambala: Wageni Waliotanguliwa na Hati

Ukivuka mkono wa bahari wa Mtwapa kwenda kaskazini, unaingia ukanda mwembamba wa ardhi ya matumbawe wenye karibu kila kitu anachokifuata mgeni wa pwani. Kikambala imo humo, kilomita 25 hivi kutoka kisiwa cha Mombasa. Baharini kuna mwamba unaovunja mawimbi makuu, na ndani yake maji yaliyotulia. Siku za bamvua, maji yakitoka, watu hushuka kuchokoa pweza na kutembea mbali kwa miguu mahali ambapo saa sita nyuma mashua zilielea. Ufuoni ni mchanga mweupe na minazi, bara kidogo ni mihogo na mikorosho, na mbele zaidi ni katani ya Vipingo. Kwa mali hiyo, wenyeji wa hapa walistahili kuwa matajiri wa utalii. Hawakuwa, na naamini sababu yake haikutoka baharini wala kwa watalii. Swali la nani mwenye ardhi lilikuwa limekwisha kujibiwa kabla hoteli hazijafika, na halikujibiwa na wale walioilima.

Tusidhani kwamba wageni ni jambo jipya huku. Magofu ya Jumba la Mtwana, karibu na mdomo wa Mtwapa, ni ya mji uliojengwa katika karne ya 14 na kuhamwa katika iliyofuata. Mwanaakiolojia James Kirkman alipouchimba mwaka 1972 zilidhihirika nyumba za mawe, misikiti minne, visima, na vigae vya vyombo vya China. Vyombo hivyo vililetwa na biashara ya pepo za kaskazi na kusi, na waliovipokea walikuwa wenye nyumba na wenye mji. Ugeni wa zama zile ulimkuta mwenyeji amesimama juu ya chake.

Mambo yaligeuka mwaka 1908. Pwani ya maili kumi ilihesabiwa kuwa ya Sultani wa Zanzibar ingawa Mwingereza ndiye aliyeitawala, na sheria ya hati za ardhi ya mwaka huo ilimtaka kila mdai ajitokeze athibitishe dai lake. Mwenye karatasi, au mwenye madai yaliyotambuliwa na maofisa wa usajili, alipata. Mmijikenda, mkulima wa ukanda huu, ambaye haki yake ilishikwa na ukoo na kukumbukwa na wazee wa kaya, yaani misitu mitakatifu ya mababu, alionekana mtu wa bara asiye na dai ufuoni. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali ya Mfalme. Mapatano ya Oktoba 1963 yaliyoiunganisha pwani na Kenya yaliandamana na ahadi kwamba hati zilizokwisha kusajiliwa zitaheshimiwa. Uhuru ukafika, na wajukuu wa wakulima wakaitwa maskwota kwenye makaburi ya mababu zao. Vitabu vya usajili bado vinaijua sehemu hii kwa jina la kikoloni, Mainland North, Sehemu ya III.

Baadaye ndipo barabara ilipoleta watu. Nyali, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, ilipata daraja la kuelea mwaka 1931, na Mtwapa ilikuwa na kivuko kilichovutwa kwa mikono huku wavutaji wakiimba. Safari za ndege kutoka Ulaya zilipozidi baada ya uhuru, hoteli kama Sun 'n' Sand na Whispering Palms zilijulikana ufuoni. Mwekezaji alinunua kwa mwenye hati. Kijiji kilibaki na kuuza madafu, vinyago na nguvu za mikono, na jioni kuwachezea wageni ngoma.

Kuna watakaosema kwamba kila kijiji cha kitalii huanza hivyo, kwa mtaji wa mgeni. Zermatt, chini ya mlima Matterhorn huko Uswisi, inakataa hoja hiyo. Ni kweli kwamba Alexander Seiler, aliyekuza hoteli pale kabla na baada ya mlima kupandwa kwa mara ya kwanza mwaka 1865, alitoka nje ya kijiji. Lakini misitu na malisho vilikuwa mali ya pamoja ya wazawa. Walimnyima Seiler uraia wa kijiji kwa miaka mingi, jambo ambalo kwa haki ya mtu mmoja lilikuwa la choyo, na mwaka 1879 wakafungua hoteli yao wenyewe, Zermatterhof. Umoja huo wa wazawa unamiliki hoteli mpaka leo. Theluji haikuwapa uwezo huo. Walipewa na malisho ambayo hakuna aliyewanyang'anya.

Pingamizi zito zaidi ni la ugaidi wa 28 Novemba 2002, pale hoteli ya Paradise ya hapa Kikambala iliposhambuliwa kwa bomu la gari. Wakenya 10 na Waisraeli 3 waliuawa, mbali na washambuliaji, na miongoni mwa waliokufa walikuwa wacheza ngoma waliokuwa wakiwalaki wageni. Asubuhi hiyo hiyo makombora yaliikosa ndege ya Israeli ikiruka kutoka Mombasa. Mei 2003 Uingereza ikasimamisha safari za ndege zake kuja Kenya, na msiba wa Kikambala ukawa wa pwani nzima. Sipunguzi uzito wa ugaidi. Ila mwenye ardhi hukopa juu yake, hulima au hungoja. Asiye nayo, hoteli ikifungwa, hana cha kushika. Ndiyo sababu pigo moja lilizama hivyo.

Wengine husema wenyeji waliuza ardhi wenyewe. Wapo waliouza, lakini asiye na hati huuza makubaliano ya mdomo kwa bei ya hofu, na faida humsubiri anayekuja kuisajili ploti. Sasa barabara ya Mtwapa hadi Kilifi inapanuliwa na ploti za kando yake zinapanda bei. Katiba ya 2010, Ibara ya 40, inaruhusu mkaaji wa nia njema asiye na hati alipwe fidia ardhi inapotwaliwa na serikali. Haisemi lolote kuhusu mnunuzi binafsi anayefika na hati yake mkononi, na ufuo wa Kikambala ulichukuliwa zaidi na wa namna hiyo.