Kifua Kikuu Kilungu: Dawa Zilizohitaji Kitanda na Dawa Zilizofika Nyumbani

Streptomisini, antibiotiki ya kwanza kutibu kifua kikuu, iligunduliwa Marekani mwaka 1943. Ilikuwa na sharti moja lililotawala maisha ya wagonjwa kwa nusu karne: haimezwi. Utumbo hauifyonzi, na ikimezwa karibu yote hutoka na choo. Sharti ichomwe msulini. Kutoka hapo huingia kwenye damu upesi na kuenea kwenye majimaji ya mwili, ingawa hupenya ndani ya seli kwa shida. Mwishowe figo huitoa na mkojo karibu kama ilivyoingia. Figo zikiwa dhaifu, dawa hujilimbikiza na kuharibu sikio la ndani: mgonjwa husikia mvumo usiokoma, kisha huanza kupepesuka akitembea.

Kilungu, nchini Kenya, ambayo hadi 1992 ilikuwa ndani ya wilaya ya Machakos, ni nchi ya milima. Nyumba zimetawanyika kwenye miteremko yenye matuta, na njia za udongo huteleza mvua inaponyesha. Mtu anayekohoa damu hawezi kupanda na kushuka huko kila siku kwa miezi miwili akifuata sindano. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, matibabu yalimaanisha kulazwa mbali na shamba na watoto.

Isoniazidi ilipoanza kutumika mwaka 1952, mambo yalilegea kidogo. Hiyo hufyonzwa vizuri utumboni, hufika kilele katika damu kwa saa moja au mbili, na huingia hata kwenye majimaji ya ubongo. Ini ndilo huivunja, na hapo watu hutofautiana kwa kurithi. Takriban nusu ya watu wa Afrika Mashariki huivunja haraka, hata kiasi chake katika damu hupungua kwa nusu kila baada ya saa moja hivi. Wengine huchukua kama saa tatu. Wanaoivunja polepole ndio hushikwa zaidi na ganzi ya miguu, ambayo vitamini B6 huizuia.

Tangu mwisho wa miaka ya 1950, watafiti wa Afrika Mashariki na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza walijaribu kuiunganisha isoniazidi na thiasetazoni, dawa ya bei nafuu. Walifikia tembe moja kwa siku: miligramu 300 za isoniazidi na 150 za thiasetazoni. Streptomisini iliongezwa mwanzoni tu, lakini tembe zilimezwa kwa miezi 18 hivi. Miezi 18 ni mingi mno kwa mtu ambaye kikohozi kimekwisha na kazi ya shamba inamngoja, na wengi waliacha njiani. Kukagua mkojo kulisaidia kujua nani anameza, kwa kuwa mabaki ya isoniazidi hutoka humo.

Muda ulifupishwa na jaribio lililoanza mwaka 1970 katika hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Waliopewa streptomisini na isoniazidi pekee kwa miezi sita walirudiwa na ugonjwa kwa kiwango cha karibu 29 kati ya 100. Rifampisini ilipoongezwa, wakawa kama 3. Rifampisini huyeyuka katika mafuta, kwa hiyo hupenya seli na kuwafikia bakteria waliojificha humo. Ini huimimina kwenye nyongo, utumbo hufyonza sehemu yake tena, na mkojo, machozi na jasho hugeuka rangi ya chungwa. Chakula, hasa chenye mafuta, hupunguza ufyonzwaji wake, ndiyo maana tembe humezwa kabla ya chakula, kama muthokoi na chai. Pia huchochea ini kuvunja dawa nyingine kwa kasi, zikiwemo baadhi ya dawa za virusi vya UKIMWI na tembe za kupanga uzazi.

UKIMWI ndio ulioiondoa thiasetazoni. Utafiti wa Nairobi uliochapishwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba dawa hiyo iliwababua ngozi vibaya wagonjwa wenye virusi, na baadhi walikufa.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, wilaya jirani ya Machakos ilijaribu kuwatibu wagonjwa karibu na makwao tangu siku ya kwanza. Ethambutoli, ambayo hufyonzwa vizuri ikimezwa na hutolewa zaidi na figo, ilichukua nafasi ya streptomisini. Dawa iliyoondolewa haikuwa dhaifu; ilikuwa tu ni ya sindano. Mhudumu wa zahanati au mtu wa kijijini angeweza kusimamia umezaji, na kitanda cha hospitali hakikuhitajika tena kwa wengi.

Watoto walibaki nyuma. Mwili wao huondoa dawa haraka zaidi kwa kila kilo ya uzito, lakini kwa miaka mingi walipewa vipande vya tembe za watu wazima. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipandisha dozi zao: isoniazidi kutoka miligramu 5 hadi 10 kwa kilo, rifampisini kutoka 10 hadi 15. Mwaka 2016 Kenya ikawa nchi ya kwanza kuanza kutumia kitaifa tembe za watoto zenye vipimo hivyo, zinazoyeyuka katika maji na kuwa na ladha ya matunda.