Kushuka Tambarare: Viwanja vya Same, Mwanga na Miji ya Kando ya Reli

Ndugu zangu wa Upare, kila ifikapo Novemba huwa naulizwa swali lile lile, na kwa kuwa mimi ni mhasibu watu hudhani jibu lake ni la hesabu tu. Mtu anakaribia kustaafu Dar es Salaam, Arusha au Tanga. Je, ajenge kwao mlimani alikozaliwa, au anunue nyumba tambarare: Same, Mwanga, Makanya, Hedaru, Lembeni au Kisangara? Hesabu ipo na nitaigusa. Lakini bei ya kiwanja katika miji yetu haieleweki mpaka ujue miji hiyo ilitoka wapi, na nani aligawa ardhi yake.

Wazee wetu walikaa mlimani kwa sababu za msingi. Juu kulikuwa na mvua, migomba na chemchemi. Maji ya mito yalikusanywa kwenye ndiva usiku, yakafunguliwa mchana kwa zamu, na kila ukoo ulijua siku yake. Tambarare ya magharibi iko kwenye kivuli cha mvua. Ilikuwa nchi ya joto, malaria, mifugo na misafara iliyopanda kutoka Pangani. Mtu alishuka kwa shughuli zake, akapanda tena. Kujenga huko nyumba ya kufia hakukuwa katika mawazo ya wengi.

Kilichoanzisha miji yetu ni reli. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga katika miaka ya 1890, ikafika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Tazama ramani: Hedaru, Makanya, Same, Lembeni, Mwanga na Kisangara zimekaa kama shanga kwenye uzi mmoja. Haikuwa sisi tuliochagua sehemu hizo, treni ndiyo iliyochagua. Pembeni yake yakaja mashamba ya mkonge, na pamoja nayo manamba kutoka mbali, maduka ya Wahindi, na makambi ambayo baadaye yakawa mitaa. Ndiyo maana hata leo mitaa ya zamani ya miji hii ina watu wa makabila mengi, tofauti na vijiji vya juu ambako jirani yako ni shemeji yako.

Hapo ndipo pengo la karatasi lilipoanza. Sheria ya ardhi ya mwaka 1923 ya Waingereza ilifanya ardhi yote ya Tanganyika kuwa ya umma, chini ya Gavana. Mwenye shamba la mkonge alikuwa na hati. Mtu wa mlimani alikuwa na desturi, yaani majirani waliojua kwamba mpaka wake unaishia kwenye sale lile. Mlimani desturi ilitosha, kwa sababu mashahidi hawakuhama. Tambarare kila mtu alikuwa amehamia.

Mwaka 1945 tambarare ilipata wageni wasiotarajiwa. Wakipinga kodi ya mbiru, iliyopangwa kwa kukadiria mali ya kila mtu, maelfu ya wanaume waliteremka kutoka pande zote za Upare hadi Boma la Same, wakapiga kambi kwa miezi. Baadaye wanawake wa Usangi nao waliandamana kudai jambo hilo limalizwe. Kodi ile hatimaye ilifutwa. Profesa Isaria Kimambo ameliandika vizuri tukio hili, na asiyemsoma amsome. Mimi naliona pia kama mara ya kwanza watu wengi wa kaskazini na wa kusini mwa Pare kukaa pamoja Same kwa muda mrefu, katika mji ambao kabla ya hapo wengi wao waliujua kama kituo cha treni na mahali pa karani wa serikali.

Baada ya uhuru kasi iliongezeka. Mlimani mashamba yalikuwa yamegawanywa baba kwa mwana hadi kubaki vipande vya kufugia kuku. Upande wa mashariki, Mkomazi ilikuwa imetengwa kuwa hifadhi ya wanyama tangu mwaka 1951. Hivyo vijana walishuka. Sheria ya vijiji ya mwaka 1975 iliipa halmashauri ya kijiji nguvu ya kusimamia mambo ya kijiji, na ugawaji wa ardhi ukawa kazi yake. Ulikuwa ugawaji wa bure au wa ada ndogo: mwenyekiti anapima kwa hatua, katibu anaandika kwenye daftari la mihtasari, basi. Mwaka 1979 Wilaya ya Pare ikagawanywa na Mwanga ikawa wilaya. Kituo kidogo cha barabarani kikahitaji ofisi, nyumba za watumishi, benki na shule, na viwanja vikaanza kupimwa kwa mpangilio. Aliyepewa kiwanja kilichopimwa Mwanga enzi hizo alikipata kwa gharama ndogo. Wajukuu wake leo wamekaa juu ya mali.

Lakini jambo lililoshikilia bei za miji hii chini kwa muda mrefu ni maji. Bwawa la Nyumba ya Mungu lilikamilika katikati ya miaka ya 1960, kwa ajili ya umeme na umwagiliaji. Liko jirani na Mwanga kiasi kwamba ukiwa juu Usangi siku ya mwanga mzuri unaliona liking'aa. Hata hivyo akina mama wa Same na Mwanga waliendelea kununua maji kwa ndoo kwa karibu miaka 60. Niliwahi kuona nyumba nzuri za vigae, zilizojengwa na watu wenye vyeo, zikikaa bila mtu kwa sababu mwenye nyumba alishindwa kuishi kwa maji ya toroli. Mradi mkubwa wa Same, Mwanga na Korogwe ulicheleweshwa mno, hadi Rais Samia Suluhu Hassan alipouzindua Machi 2025. Treni ya abiria nayo ilirudi Desemba 2019 baada ya kukosekana kwa zaidi ya miaka 20. Tangu bomba lianze kutoa maji, madalali wamekuwa wengi kuliko wanunuzi.

Kwa hiyo mnunuzi wa leo anaingia sokoni bei zikiwa zinapanda, lakini ardhi anayouziwa mara nyingi ni ile ya daftari la katibu. Hapa ndipo historia inapogusa mfuko. Sheria za mwaka 1999, Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zilitenganisha ardhi ya kijiji na ardhi ya jumla. Kijiji kinapomezwa na mji, halmashauri yake haipo tena, na karatasi yenye muhuri wake inabaki kuwa ushahidi tu, siyo hati. Mwenye nayo anatakiwa kupimiwa na kumilikishwa upya kwa ramani ya mipango miji. Kama ramani inaonyesha barabara inapita sebuleni kwako, muhuri wa mwaka 1982 hautaihamisha.

Mikataba ninayoletewa kuiangalia ina kasoro mbili zinazojirudia. Ya kwanza: muuzaji ni mtoto mmoja wa marehemu, mirathi haijafunguliwa, na dada zake walioolewa Gonja au Ugweno hawajui kinachoendelea. Ya pili: saini ya mke haipo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzi, lakini watu wanaandika "mke wangu anajua" na kuendelea. Watani wetu Wachaga wanasema Mpare huuza ng'ombe kwa ajili ya kesi ya kuku. Katika viwanja tumewapa watani sababu ya kusema.

Sasa ile hesabu. Bei unayotajiwa siyo gharama yako. Ongeza ushuru wa stempu, asilimia 1. Ongeza upimaji kama haujafanyika, ada za hati na kodi ya pango la ardhi ambayo muuzaji huenda hajailipa kwa miaka. Muuzaji aliye na kumbukumbu za gharama anadaiwa asilimia 10 ya faida aliyopata, hivyo risiti za saruji na mabati zitunzwe. Ile asilimia 10 nyingine inayodaiwa na viongozi wengi wa mitaa na vijiji kwa kugonga muhuri haimo katika sheria zote mbili za ardhi nilizozitaja. Kabla ya kulipa chochote, nenda ofisi ya ardhi ya wilaya ufanye upekuzi kwa namba ya kiwanja. Kama hakina namba, hujanunua kiwanja bado, umenunua nafasi katika foleni ya upimaji, na bei yake inapaswa kuwa ya foleni. Wakati mwingine pagale lililopimwa Lembeni ni rahisi kuliko nyumba iliyokamilika Same isiyo na namba.

Na mlimani? Usiuze. Kijijini unaweza kuomba hatimiliki ya kimila kwa jina lako au la familia, na kazi hiyo ni ya gharama ndogo kuliko nauli za kuhudhuria kesi baada ya mzee kufariki.

Chama chetu nacho kimo katika foleni hiyo hiyo. Eneo la zahanati yetu tulipewa kwa muhtasari wa kikao, na wote waliosaini isipokuwa mmoja wameshatangulia. Jirani ameanza kupanda michongoma upande wa bondeni. Kwa sababu hiyo kamati imeweka upimaji na umilikishaji wa eneo hilo kuwa kipengele cha kwanza cha harambee ya mwaka huu, kabla ya rangi na kabla ya uzio. Makadirio ya mpimaji yamebandikwa ukurasa unaofuata, pamoja na bahasha.